Darubini ya Bwana Haraka

Ningemwambia tu, "Hapana, Bwana, mwachie fundi," leo nisingekuwa na alama hii juu ya jicho la kulia, wala ninyi msingekuwa na la kunicheka. Lakini sikusema hapana. Nilisema, "Naweza, Bwana," nikiwa nimesimama mbele ya kaunta ya duka la bunduki mjini Nakuru, nimechomeka kalamu kwenye mfuko wa shati kama mkaguzi wa shule, na aibu iliyofuata naikumbuka vizuri kuliko hata siku ya harusi yangu (mama watoto anisamehe).

Ilikuwa miaka ya hamsini, karibu na mwisho wake. Nilikuwa karani kwenye shamba la ngano huko Mau Narok, kijana aliyefika kidato cha pili na kudhani kwamba kuanzia hapo hakuna kitu duniani ambacho hawezi kukisoma akakielewa. Mwenye shamba alikuwa Mzungu tuliyemwita Bwana Haraka, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona akimaliza kikombe cha chai akiwa ameketi. Kwangu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa ameniahidi jambo lililonifanya nitembee juu juu: chuo kimoja cha kilimo kilikuwa kimeanza kuchukua Waafrika wachache, mkuu wa chuo hicho alikuwa rafiki yake wa kuwinda, na palikuwa na nafasi moja kwa mtu wa upande wetu. Bwana alisema mkuu akija kuwinda atanionyesha kwake, anione, anisikie ninavyoongea, mambo yaishe. Mkuu alikuwa anakuja Jumamosi hiyo.

Sasa, Bwana alitaka mgeni wake apigie bunduki yake kubwa, ile nzito yenye teke la punda, na alitaka iwe na darubini juu yake ili mnyama wa mbali aonekane kama amesimama mlangoni. Ndiyo maana tulikuwa dukani. Fundi wa bunduki, Mhindi mmoja mpole mwenye miwani, alitutolea mbili, moja nyembamba na moja nene. Bwana akaniuliza mimi, msomi wake, tuchukue ipi. Nikachungulia zote mbili kupitia mlango wa duka. Ile nene iliniletea saa ya mtu aliyekuwa ng'ambo ya barabara nikaona mishale yake. Nikasema nene. (Sikuuliza kwa nini nyembamba ipo.)

Fundi akasema sawa, lakini aachiwe bunduki aifunge mwenyewe, tena aletewe mtu atakayepiga. "Lete yeye hapa," alisema, "mimi nataka kuona shingo yake na bega yake." Nikacheka moyoni. Risasi inatoka mbele, shingo ya mtu inahusu nini? Tena fundi alikuwa na kazi nyingi, angeimaliza wiki inayofuata, na kumwambia Bwana Haraka angoje wiki ni kama kumwambia afunge Ramadhani. Akanigeukia.

"Karani, hii kitu wewe naweza funga?"

Hapo ndipo niliposema naweza.

Niliifunga ofisini asubuhi ya siku ya pili. Mnaoijua Mau Narok mnajua asubuhi zake, ukungu umelala juu ya ngano, wino umeganda kwenye kichupa, na mimi nimevaa kabuti la jeshi alilorudi nalo mjomba wangu kutoka vita vya Burma, zito kama gunia la viazi, ambalo sikulivua tangu alfajiri hadi jua lipande, na siku nyingine hadi jua litue. Nikafunga pete mbili juu ya bunduki, nikaipitisha darubini ndani yake, nikaweka kitako begani nikachungulia. Jicho likiwa mbali mno na darubini, unaona duara dogo katikati na weusi pembeni. Basi nikaivuta nyuma kidogo, kuelekea usoni kwangu, nikachungulia tena, nikaivuta tena, mpaka duara lote likajaa nuru na ule msalaba mwembamba ukakaa katikati. Nikakaza skrubu kwa bisibisi mpaka mkono ukauma. Kazi safi kabisa.

Tukaijaribu. Bwana alisimama kando yangu, maana enzi zile Mwafrika hakufyatua bunduki peke yake akalala kwake. Nikalenga debe lililowekwa kwenye tuta, nikapiga, debe likaruka. Naye Bwana akapiga, ndani ya koti lake la ngozi ya kondoo, debe likaruka tena. Akanipiga begani, akasema nina kichwa. Barasa, dereva wa trekta, rafiki yangu ambaye hakuniacha nipumue hata siku moja, alikuwa akitazama kutoka juu ya kiti chake. Akaniuliza kama nikifika chuoni nitakumbuka kumwandikia salamu au nitazituma kwa darubini.

Jumamosi tulishuka bondeni, upande wa Elementaita, ambako Bwana alikuwa na malisho. Alitangulia na mgeni wake kwenye gari dogo, Barasa akatuchukua sisi wengine kwa lori, wanaume na wanawake wa shamba, kwa sababu kongoni akiuawa nyama yake ilikuwa yetu, na watu walikuwa hawajaonja nyama kwa muda. Mimi kabuti nililiacha kwenye msumari. Mtu haendi kuonekana na mkuu wa chuo akiwa amevaa kabuti la Burma. Nilivaa shati jeupe jepesi na tai. Na hata bila hilo, huko chini palikuwa na joto la kupasua midomo, vumbi na vichaka vya leleshwa tu. Mkuu mwenyewe alikuwa na shati la mikono mifupi. Alikuwa Mzungu mrefu mtaratibu mwenye shingo ndefu (ndiyo, shingo). Bwana akanitambulisha, akasema huyu ndiye aliyeichagua darubini na kuifunga. Mkuu akanishika mkono, akaniambia tutazungumza baada ya kuwinda. Nikaona chuo hiki hapa.

Kongoni walikuwa mbali, juu ya kilima kidogo. Mkuu akalala kifudifudi, akaweka shavu kwenye bunduki. Ikalia. Kongoni mmoja akainua kichwa, akatutazama kama mtu aliyeitwa jina lisilo lake, kisha kundi lote likaondoka bila haraka. Mkuu hakuinuka. Alipoinua uso, damu ilikuwa inashuka kutoka kwenye nyusi hadi kwenye kola, na juu ya jicho palikuwa na mkato wa duara, safi kama umechorwa kwa bikari. Teke la bunduki lilikuwa limerudisha darubini nyuma na kuipigilia usoni.

Hata hapo ningeweza kunyamaza. Ningeomba radhi, ningeleta maji. Lakini watu wote wa shamba walikuwa wanatazama, na kalamu ilikuwa mfukoni, basi nikafungua mdomo nikasema, kwa Kiingereza changu kizuri cha kidato cha pili, kwamba darubini haina kosa, nadhani Mkuu hakuishika bunduki sawasawa.

Bwana Haraka alinitazama kwa muda mrefu, na ndiyo mara ya kwanza niliyomwona hana haraka.

"Wewe nashika sawasawa," alisema. "Onyesha."

Nikalala pale pale kwenye majani yaliyolaliwa na Mkuu, na shati langu jeupe. Nikalenga jiwe. Duara halikuwa kama lile la ofisini, darubini ilikuwa imenijia karibu mno, nikaiona, nikaidharau, nikafyatua. Nilichosikia ni mlio na nyota. Nilipokaa, tai yangu ilikuwa nyekundu.

Barasa alikuja na birika la maji na kitambaa chake. Alimfunga Mkuu kwanza, polepole, kisha mimi, akinong'ona sikioni mwangu, "Karani, ninyi wawili mmepigwa muhuri na ofisi moja." Na kwenye lori mama mmoja aliyekuja na karai lake aliliweka kichwani likiwa tupu, akauliza kwa sauti ya upole kabisa kama leo watu watapika darubini au wataichoma. Lori zima lilicheka hadi likayumba. Nilicheka pia, maana kukaa kimya kungekuwa vibaya zaidi.

Mkuu alihitaji kushonwa. Bwana akabaki kufuata kongoni kwa bunduki yake ndogo ya zamani (na akampata mmoja, watu wakala), akamwagiza Barasa ampeleke mgeni hospitali ya Nakuru kwa lile gari dogo. Mazungumzo tuliyoahidiana mimi na Mkuu yakafanyika njiani, ila mimi sikuwepo. Barasa alinisimulia baadaye, naye hakuwa amepanga lolote. Mkuu, kitambaa kwenye nyusi, alimwuliza ngano ya Mau Narok inaendeleaje, Barasa akamweleza ule ugonjwa wa kutu ya ngano ulianzia shamba lipi mwaka huo na wao waliufanyia nini. Walipofika Nakuru, Mkuu alikuwa amekwisha kumwuliza alisoma wapi na hadi darasa la ngapi.

Jumatatu Bwana aliniambia niifungue darubini irudishwe kwa fundi. Ofisini palikuwa na baridi ileile, nikaweka bunduki begani mara ya mwisho, duara likajaa nuru, zuri kabisa. Kisha nikavua kabuti, nikaiweka begani tena, na ukingo wa nyuma wa darubini ukagusa plasta yangu. Nilikuwa nimeipimia bunduki kwa unene wa kabuti la mjomba. Nilimweleza Bwana ukweli wote siku hiyohiyo. Akanisikiliza, akanywa nusu ya chai, akatoka.

Barasa alikwenda chuoni mwaka huo. Alinitumia salamu, si kwa darubini, bali kwa barua nzuri. Wazungu walipoondoka akarudi kuwa meneja wa shamba lilelile, mtu wa haki, na mimi nikabaki katika ofisi ileile, kwenye meza ileile, nikimwita Bwana Meneja mbele za watu, hadi nilipostaafu. Tangu siku ile sijagusa darubini, na nikiulizwa kama ninaweza jambo nisilolijua, nasema siwezi. Watu husema nimenyenyekea kwa sababu ya uzee. Si uzee. Neno moja nililolisema dukani lilinigharimu chuo, na chuo ndiyo yangekuwa maisha yangu.