Siku Nilipoliwa na Mgomba, Mubashara

Aibu niliyoipata pale mtoni haitoki kwa sabuni wala kwa sala, na kwa kuwa kila mtu kuanzia kijijini kwetu mpaka stendi ya Ifakara ameshaisimulia anavyotaka yeye, wengine wakiongeza chumvi mpaka eti nilikuwa uchi kabisa (sikuwa uchi, nilikuwa na bukta, mashahidi wapo), nimeona bora niandike mimi mwenyewe niliyepatwa, darasa langu la nne litanitosha. Na majina ninayataja. Wa kwanza ni Remigi, shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, katibu wa kikundi chetu. Wa pili ni Mama Gaudensia, mwenyekiti. Wakikasirika wakasirike, mimi nilishakasirika kabla yao.

Naitwa Kastori, na mimi ni mtu niliyewahi kushikwa na mamba, mamba wa kweli, siyo huyu nitakayemweleza. Nilikuwa naosha baiskeli palepale mtoni tunapochotea maji, akanichukua kigimbi cha mguu wa kulia, akaniachia roho na baiskeli. Tangu hapo nachechemea, na kila mgeni akija kijijini naitwa nipandishe suruali aone. Nimechoka, lakini napandisha.

Sasa pale mtoni ndipo wanawake wetu wanapoingia kila asubuhi mpaka magotini na ndoo zao, maana pampu ya kijiji ilikufa na aliyekuja kuitengeneza aliondoka na vipuri vyake. Masika yaliyopita binti wa jirani alinyang'anywa ndoo mkononi, hivihivi, maji yakafunguka, ndoo ikaenda, yeye akabaki ameshika mpini. Hapo ndipo tukaunda kikundi tujenge uzio, yaani nguzo zinasimikwa ndani ya maji, zinazungushiwa wavu wa chuma, mwanamke anachota humo ndani na mamba anabaki nje akitazama. Jambo jema kabisa. Tukapitisha kapu kanisani, tukapitisha msikitini, tukapata ya misumari.

Ndipo Remigi akaenda semina Ifakara, semina ya kuvifundisha vikundi vidogo kuchangisha kwa mtandao. Akarudi na fulana, kalamu na maneno mengi. Akatufungulia ukurasa wa kuchangisha, akaweka picha yetu tumejipanga na nguo za Jumapili kama watu wanaosubiri chanjo, na nyuma yetu mto umetulia kama hauna kosa. Akasambaza kiungo kila mahali. Tukangoja. Waliochangia walikuwa Remigi mwenyewe, kwa kujaribu kama inafanya kazi, na binamu yangu mmoja wa Morogoro, ambaye baadaye alipiga simu kuomba tumsaidie nauli.

Remigi akanijia nyumbani jioni, akala ugali wangu wote, kisha akasema, "Shemeji, watu wa mtandaoni hawachangii mto. Wanachangia mguu."

Akataka nikae kwenye kigoda uani kwangu, nisimulie kisa changu mubashara, ile vijana wanaita laivu, na mguu uonekane. Kama ningekubali hivyohivyo ningekuwa mtu mzima mwenye heshima mpaka leo. Lakini nikaona nikikaa kwenye kigoda nitaonekana kama mgonjwa anayesubiri dawa, mimi niliyepigana na mamba, basi nikasema kwa mdomo wangu mwenyewe twendeni mtoni, nikawaonyeshe nilivyofanya. Neno dogo hilo, shemeji akaruka kama kapewa mke.

Mama Gaudensia aliposikia akasema mamba hana shida, mamba yuko shambani kwake. Akaleta mgomba uliokwisha kukatwa ndizi, mnene, mrefu kama mtu aliyelala. Tukaupaka masizi ya chungu, Remigi akauchonga mdomo, Mama Gaudensia akapanga meno ya muhogo mbichi, macho tukaweka vizibo vya soda. Nakiri ulipendeza. Mbwa wangu alikataa kuusogelea. Tukaufunga kamba ya katani, na mpango ukawa Mama Gaudensia ajifiche kwenye matete na kamba yake, mimi nisimame majini, na nikifika pale kwenye kisa ambapo mamba anakuja, yeye avute, mgomba unijie. (Mama Gaudensia ni mtu wa kupakua magunia ya mpunga. Hilo tulilijua, hatukulifikiria.)

Sasa niwaeleze jambo la yowe. Huku kwetu yowe la mtoni lina sheria. Ukilisikia unaacha ulichoshika, hata kama ni tonge, unakimbia na chochote chenye makali, na asiyekimbia siku yake nayo ikifika atalia peke yake. Wasukuma wafugaji waliopo nyuma ya matete, wa kwa jirani yetu Masanja, wao wanaliita mwano, na kwao ukipigwa hata mwenye homa anaamka. Kwa hiyo nikamuuliza Remigi kama watu wote wana habari kwamba kesho nitapiga yowe la kuigiza. Akanijibu bila kuinua macho kwenye simu, "Nimeshatangaza kwenye grupu, shemeji." Nami nikalala usingizi. Sikujiuliza kama Masanja yumo kwenye grupu. Masanja ana simu ya kitochi, ya kubonyeza, na huwa anaizima ili isile chaji.

Asubuhi nikavaa suruali yangu ya kanisani, maana nitaonekana mpaka Ulaya. Remigi akanikunjia mguu wa kulia mpaka gotini kovu litoke vizuri. Kisha akaona simu yake haina pa kusimama, akaangaza huku na huku, akanivua mkanda, akaifunga simu kwenye mti kwa mkanda wangu, tena akaifunga kwa nguvu kama anafunga ng'ombe. Suruali ile niliinunua nikiwa mnene. Nikamwambia. Akasema nishike kwa mkono, itaonekana nina huzuni.

Tukaanza. Nikasimulia vizuri tu, lakini waliokuwa wanatazama wangeenea kwenye bajaji moja na kiti kikabaki. Nikamwona Remigi kando ya simu ananipungia mkono, ongeza, ongeza. Tulikubaliana yowe liwe dogo, la adabu. Lakini nikautazama ule mguu wangu, nikakumbuka ndoo ya yule binti, na nikaona watu wa mtandaoni wamenidharau, basi nikajaza kifua nikapiga yowe lote, lile lenyewe, ndege wakaondoka kwenye matete.

Mama Gaudensia naye akadhani ndiyo ishara. Akavuta.

Kamba ilikuwa imepita kwenye miguu yangu, na fundo lake likaingia kwenye pindo la ile suruali iliyokunjwa. Yule mama hakuwa anaona kitu, alikuwa anasikia uzito tu, na yeye akisikia uzito anaongeza nguvu. Suruali ikaniaga. Nikaenda chini na mgongo, mgomba ukaja juu yangu na meno yake yote, nikameza maji ya mto Kilombero, na hapo nikapiga yowe la pili, na lile la pili halikuwa la kuigiza, nawaapia, maana ukiwa chini ya maji na kitu kirefu kimekulalia tumboni hukumbuki kama ni ndizi.

Kuinua kichwa, matete yamefunguka. Masanja mbele na mkuki, nyuma yake watu wa kwake wote wenye miguu, fimbo, mashoka, mmoja kashika sufuria. Hawakuuliza. Mkuki wa kwanza ukaingia kwenye mgomba, wa pili ukaingia, mzee mmoja akawa anaupiga fimbo ya kichwa na kuulaani kwa Kisukuma, wawili wakanishika makwapa wakanitupa nchi kavu. Kisha wakaona kamba. Kamba ikawa inakwenda yenyewe kwenye matete na suruali yangu ikifuata nyuma. Wakaifuata kimyakimya, na kule mwisho wake akasimama Mama Gaudensia, amejaa tope mpaka nyusi, ana majani kichwani, ameshika kamba kwa mikono miwili. Masanja, mtu aliyelala na simba zizini, akarudi nyuma hatua mbili.

Na simu ile pale kwenye mti, inatazama. Remigi alikuwa anang'ang'ana na mkanda wangu, haufunguki.

Wakati huohuo wanawake wa kuchota maji wakafika na ndoo zao, na kwa kuwa wamelelewa vizuri, kila mmoja akaona ni lazima anisalimie kwanza. "Shikamoo baba." Mimi nimesimama na bukta, na nyuma ya bukta mke wangu alikuwa ametia kiraka cha kanga, kipande kilichoandikwa ASANTE MAMA, nimejiziba kwa jani la mgomba, naitikia marahaba. Anakuja mwingine. "Shikamoo." Marahaba. Foleni nzima.

Masanja akainama kwenye mzoga, akang'oa jino moja, akalitazama, akaling'ata. Akatafuna taratibu. Watu wote tukamsikiliza anavyotafuna.

"Mzee Kastori," akasema, "huyu ana meno ya muhogo."

Nikaeleza habari ya uzio, ya wavu, ya ukurasa, ya grupu. Hakucheka. Akasema ameacha mke wake anaumwa uchungu wa kuzaa ili aje aniokoe. Kisha akasema maneno ambayo mpaka leo nikiyakumbuka sili. "Mwano siyo wa kuchezea. Siku mamba wa kweli atakapomshika mmoja wa hawa mama, ukipiga, nani atakimbia?" Wakanihukumu palepale, mimi nikiwa na jani langu, na hukumu ikawa hivi: kwa kuwa nimeliharibu yowe, basi mimi mwenyewe nitasimama pale mtoni kila asubuhi wanawake wakichota, mpaka uzio ukamilike. Mama Gaudensia akatozwa wali wa wote waliokimbia. Remigi hakutozwa kitu, eti yeye ni mpiga picha tu. Nimewaambia nitataja majina.

Mkanda ulipofunguka, kesi ilikuwa imekwisha na waliotazama walikuwa wengi kuliko watu wa tarafa yetu. Wenye mtandao wakaufunga ukurasa wetu siku ileile kwa sababu ya bukta. Lakini video ilikuwa imeshatoroka, ikazunguka Mang'ula, Mngeta mpaka Mlimba, na waliocheka wakaanza kumtumia Remigi pesa ya wavu moja kwa moja kwenye simu, wengine wakiandika ni ya wavu, wengine wakiandika ni ya suruali. Zile za suruali nazo zilikwenda kwenye wavu, kikao kiliamua, mimi sikualikwa. Wavu ukapatikana. Nguzo hazikupatikana, maana nguzo lazima zitoke nyuma ya matete kwenye miti migumu, kwa akina Masanja, na akina Masanja walikuwa hawaongei na sisi.

Basi nikalinda. Kila asubuhi nimesimama na rungu, wanawake wanapita wananiuliza mgomba umeamkaje.

Asubuhi moja Mama Gaudensia yumo majini, anajaza ndoo, mimi nikaona maji nyuma yake yamekunjika kwa namna ninayoijua, macho mawili, na hayakuwa vizibo vya soda. Nikapiga yowe, tena kubwa kuliko lote nililowahi kupiga. Yule mama hakugeuka hata shingo. Akacheka, akasema, "Kastori, leo Remigi kaiweka wapi simu?" Wenzake wakacheka naye, mmoja akaanza kujitengeneza kilemba kwa ajili ya picha. Nikatazama kwenye matete. Haukutikisika hata unyasi. Nikaingia majini na mguu wangu mbovu, nikamshika Mama Gaudensia gauni, nikavuta kama yeye alivyonivuta mimi, na ndoo yake ikachukuliwa mbele ya macho yake, ikatoa mlio nisioweza kuuandika. Alitoka pale akipita juu yangu. Mguu wake bado nausikia mgongoni.

Jioni Masanja akaja nyumbani, amesikia. Nikamuuliza kama asubuhi yowe langu halikufika kwake.

"Lilifika," akasema. "Tukasema leo wanachangisha."

Kesho yake nguzo zikaja, zimekokotwa na ng'ombe wake, yeye mwenyewe akaingia majini kuzisimika. Uzio upo. Mtoto wake naye alizaliwa salama, wa kike, juzi nimeona mama yake amekuja naye mgongoni kuchota maji ndani ya uzio.

Mimi nimeapa mambo mawili. Simu yoyote ikinyanyuliwa mbele yangu, naondoka, hata ikiwa inapigwa picha ya kitambulisho. Na yowe sitalipiga tena kwa kumwonyesha mtu wala kumfundisha, hata mkinipa wavu wa kuzungusha mto mzima. Remigi ameniambia juzi kuna semina nyingine Ifakara. Nimemjibu aende salama, na mkanda wangu aurudishe kwanza.