Beseni la Jumatatu

Sipendi kushukuriwa. Watu wakinisikia nikisema hivyo hudhani nina kiburi, na labda ninacho, lakini nitaeleza ilivyokuwa, nao wahukumu wenyewe.

Mimi ni kipofu. Macho yaliniacha polepole, nikiwa tayari mtu mzima mwenye mke, kwa ugonjwa ambao daktari aliuita presha ya macho. Kazi yangu ni kupokea simu katika depo ya malori mtaani kwetu Kamalondo: mteja akitaka kujua mzigo wake umefika wapi, sauti inayomjibu ni yangu. Malori yetu hupeleka chokaa kwenye mgodi wa Kinsevere na kurudi na vumbi. Madereva, wapakiaji na sisi wa ofisini hula pamoja mchana chini ya bati, bukari, ndiyo ugali wetu, na sombe ya majani ya muhogo, na siku za bahati bitoyo, wale samaki wa chumvi ambao harufu yao hufika kabla ya sahani.

Ligi yetu ilizaliwa pale mezani. Si ligi ya miguu, ni ya simu. Kila mmoja anapanga kwenye aplikesheni kikosi chake cha wachezaji wa kweli wa Ulaya. Wao wakifunga huko kwao, wewe unapata pointi huku. Hatukucheza kwa pesa, tulicheza kwa ajili ya beseni. Jumatatu, kabla ya kula, aliyeshika mkia huchukua jagi na beseni, akazunguka meza nzima akiwamwagia wenzake maji ya kunawa, nao humtukana mpaka mtu wa mwisho akauke mikono. Majumbani mwetu kazi hiyo ni ya watoto. Basi mfikirie dereva mwenye mvi na tumbo lake, anazunguka na beseni.

Wakati ule aplikesheni ilikuwa ya kawaida tu, majina yamepangwa juu hadi chini. Simu yangu ina sauti inayosoma kila ninachogusa, kwa Kifaransa cha haraka haraka. Jina, klabu, nafasi yake uwanjani. Niligusa, nikasikiliza, nikachagua. Mengine nilipewa na redio: nani anachechemea, nani kagombana na kocha wake. Nilikuwa mchezaji kama wao, na mara moja nilishika mkia kama wao.

Siku hiyo nilizunguka na jagi nikiitafuta mikono kwa kufuata sauti za wenyewe. Nilipofika kwa prezida wa ligi, dereva mkubwa kuliko wote pale depo, maji yakaenda yote kwenye viatu vyake.

"Papa weye, unabatiza bilato byangu?" alipiga kelele. "Miye nilibatizwaka zamani! Bantu, muone huyu! Équipe yake imekufa, sasa anataka kuniua na mayi!"

"Point zake hazitoshe hata kutia mu sombe!" akadakia mwingine.

Walicheka mpaka sahani zikalia, na mimi nilicheka kuliko wote. Tangu macho yaondoke hakuna aliyekuwa amenikaripia. Watu walinishika kiwiko, walinisogezea kiti, walishusha sauti kana kwamba chumbani mna maiti. Siku ile nilitukanwa vizuri, nikarudi nyumbani nikipiga mluzi.

Kisha wenye aplikesheni wakaamua kuipamba. Wakaweka uwanja wa kijani, jezi za rangi, wachezaji wa kuvutwa kwa kidole kutoka benchi mpaka uwanjani. Wenzangu walisifu, "Sasa iko muzuri, inang'aa!" Mimi nilipoifungua, ile sauti iliniambia: picha. Picha. Kitufe kisicho na jina. Picha. Nilipapasa kioo chote, kona hadi kona, kama mtu anayetafuta mlango ukutani na kumbe mlango umeshazibwa kwa matofali. Niliwaandikia wenyewe, kwa adabu zote, kwa Kifaransa cha shule. Walijibu kwamba maoni yangu ni muhimu sana kwao, na chini ya jibu wakabandika kitu. Simu ikakisoma: picha.

Nikakosa njia, nikamwomba mulamu. Mulamu wangu huyu kamuoa dada yangu mdogo. Tunafanya kazi depo moja, yeye upande wa ghala. Kila Ijumaa nilimtajia majina, yeye akayavuta kwa kidole chake. Ni mtu mpole, hasemi sana. Nilimwonya jambo moja tu.

"Mulamu, macho iko yako, lakini kichwa iko yangu. Équipe usiniguse."

"Miye siwezi, mulamu," akasema.

Majuma yakapita, sikushika mkia tena. Nilitembea kifua mbele, nikawa natoa mafundisho kuhusu mabeki wa pembeni, na wale mabwana walinisikiliza kwa utulivu ambao ulipaswa kunishtua.

Mpaka ikaja wiki ya kadi nyekundu. Nilikuwa nimempa beki mmoja unahodha, kwa ubishi tu; wote walisema ni wazimu. Jumapili baada ya misa nikafungua redio: beki wangu katolewa nje kabla ya mapumziko. Anayeujua mchezo huu anajua kwamba hasara ya nahodha huhesabiwa mara mbili. Nilikuwa nimekwisha, na niseme kweli, nilifurahi. Jumatatu nilivaa shati la mikono mifupi kwa ajili ya maji, nikafika mezani nimeshatunga majibu ya matusi yao.

Prezida akasoma matokeo. Nilikuwa wa tatu.

"Soma tena," nikasema.

"Wa tatu, papa. Félicitations."

"Kapitene wangu alikuwa nani?"

Mulamu akakohoa.

"Nilimubadirishaka," alisema. "Mulamu, miye nilioa kwenu. Nikikuacha unazunguka na beseni mbele ya bantu, nitamuangalia dada yako na macho gani?"

Kwetu ndivyo ilivyo: aliyeoa hawezi kukaa akitazama jamaa ya mkewe ikiaibika. Atavua koti lake aifunike. Mulamu alinifunika kila Ijumaa, kimyakimya, mchezaji huyu leo na yule kesho. Hakuwa na ubaya wowote, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi, maana mtu mbaya unaweza kumrushia sahani.

"Na ninyi wengine?" nikauliza. "Mulijua?"

"Tulijua, papa," prezida akajibu taratibu. "Tuliona iko muzuri vile. Ile application haikutengenezwaka juu ya weye. Tungefanya namna gani?"

Wema hauozi, husema wahenga. Huu uliniozea tumboni. Nilimeza bukari yangu bila kusikia ladha yake, nikiwaza jinsi nilivyojisifu kwa kikosi ambacho hakikuwa changu. Ushindi wa bandia ningeweza kuuvumilia, wapo wengi wanaoishi nao. Lakini walikuwa wameniibia hata kushindwa kwangu, na kushindwa ndiko kulikonipa kiti kwenye meza ile.

Jumamosi iliyofuata nikapanga mwenyewe. Nilikaa uani asubuhi nzima na simu sikioni. Picha. Kitufe kisicho na jina. Niliikariri sehemu ya kila jezi kwa upana wa kidole, nikavuta, nikaachia, bila kujua nimemwachia wapi huyo niliyemvuta. Mke wangu alikuwa akitwanga sombe. Akausimamisha mchi.

"Leta, miye nione."

"Acha."

"Kidogo tu, baba."

"Nimesema acha! Weye twanga!"

Akatwanga, kwa nguvu kuliko majani yalivyohitaji. Mwishowe simu ikatoa mlio mdogo. Mlio ule ungeweza kuwa ndiyo na ungeweza kuwa hapana. Nikauchukua kuwa ndiyo, nikaizima.

Jumatatu tukajua. Wafungaji wangu walikuwa wameketi benchi na mabao yao, na majeruhi niliotaka kuwaficha ndio walioingia uwanjani. Nilikuwa wa mwisho, mbali sana nyuma ya aliyenitangulia.

"Ile juma tusiihesabu," mulamu akasema.

"Muihesabu," nikasema. "Mulete jagi."

Jagi niliwekewa mkononi polepole, kama mgonjwa anavyopewa kikombe cha dawa. Nikaanza kuzunguka. Safari hii sikuhitaji kuitafuta mikono, ilikuja yenyewe chini ya maji, na beseni nilihisi limeshikwa upande wa pili, mtu ananisaidia kulibeba. "Aksanti, papa," alisema wa kwanza. "Aksanti, papa," akasema wa pili, kisha mulamu naye. Katika meza ile hakuna aliyewahi kumshukuru mshika mkia. Ile mara ya kwanza nilishindwa kama wao. Sasa walikuwa wanamtazama kipofu akimwaga maji.

Nilipofika kwa prezida nilisikia viatu vyake vikisugua sakafu, nikajua vilipo. Nikainamisha jagi juu yake makusudi, nikamwaga maji yote mpaka tone la mwisho. Kisha nikasimama pale, nikamngoja anitukane.

Hakuuondoa hata mguu.

"Haina neno, papa," alisema, kwa ile sauti ya kutembelea wagonjwa. "Aksanti sana."