Ng'ombe wa baba mdogo walikula tope langu la bahari, na kusoma sikuacha

Wakuu, heshima zenu. Kuna waliocheka juzi niliposema humu kwamba nasomea chumvi ya bahari ya kale, wakati nimezaliwa Kaisho, Kyerwa, katikati ya migomba. Leo kaeni chini. Haya yamenikuta mimi mwenyewe na sijaongeza chumvi, maana humu ipo ya kutosha.

Nasoma shahada ya pili Dar.

Zamani baharini kulielea viumbe vidogo mno, planktoni, usivyoviona bila hadubini. Vikifa, magamba yake yanazama, tope linayafunika, yanakaa huko maelfu ya miaka. Gamba lilijengwa kwa maji ya enzi ile. Ukilipima maabara unapata maji yale yalikuwa na joto kiasi gani na chumvi kiasi gani. Uchawi hakuna.

"Mtu wa Kaisho na bahari wapi na wapi?" Nimelisikia hilo mpaka limenichosha.

Tope ninalochambua limetoka chini ya Mediterania, karibu na Nile inapoishia. Mto Kagera, huu huu unaopita kwetu, unaingia Ziwa Victoria, maji yanatoka na Nile, safari inaishia kule. Mvua ikipiga sana huku juu, maji ya mto yanajaa mpaka bahari ya pale inapungua chumvi.

(Msinirukie. Najua mafuriko mengi ya Nile yanatoka Ethiopia. Ya kwetu nayo yamo.)

Sasa twende kwenye mkasa.

Mama alipasuliwa goti, nikaomba ruhusa nikamuuguze. Supavaiza wangu, mama mmoja mkali, alinuna, kisha akaniruhusu kubeba sehemu ya sampuli na hadubini ndogo ili kazi isilale. Tope lilikuwa kwenye vimfuko, kila kimfuko kutoka kina chake, maana yake kila kimoja kina enzi yake. Ndio uti wa mgongo wa kazi yote.

Nafika nyumbani, nakuta nimeshapangiwa maisha.

Baba mdogo yumo kwenye bodi ya sekondari ya kata. Walikosa mwalimu wa kemia, naye akawaahidi mimi. Hakuniuliza! Baba akakubali. Kila tukikaa kula ni "unaanza lini?" Nikisema sijamaliza masomo, Baba mdogo anacheka: "Masomo ya konokono hayo."

Kufundisha ni kazi ya heshima, nawaheshimu walimu wote humu. Lakini nilijua nikianza tu, chuo ndio basi.

Siku moja nikaenda Nkwenda kutafuta maji safi ya mvuke uliopozwa, yale ya kuongeza kwenye betri za gari, ya kusuuzia magamba. Lazima uangalie usipewe asidi, inayayeyusha yote. Nikazunguka maduka, nikapata, nikarudi nimefurahi.

Naingia uani nakuta ng'ombe wanasukumana kwenye hori.

Baba mdogo kasimama pembeni, uso umemkunjuka. "Mwanangu, kumbe umetuletea udongo wa chumvi halafu unauficha chini ya kitanda! Nimeuonja. Mkali kweli kweli!"

Wasio wafugaji niwaeleze. Kwetu ng'ombe huchanganyiwa udongo wenye chumvi kwenye maji, wananenepa na maziwa yanaongezeka. Mtu akitoka safari ya mbali akaleta udongo huo, amefanya jambo jema. Kwa Baba mdogo, udongo wa kijivu wenye ladha ya chumvi una matumizi hayo tu. Vimfuko vyote alivikung'utia humo.

Nilipiga yowe mpaka Mama akatoka na mkongojo.

Nikawafukuza ng'ombe, nikachota tope lililobaki chini ya hori. Magamba yalikuwemo, niliyaona kwenye hadubini. Lakini enzi zote zilikuwa zimechanganyika uji mmoja, hujui lipi la lini. Nikakaa chini nikalia kwa hasira, sifichi.

Baba mdogo akaona haya kidogo, akanipa ushauri. "Si uligawe tena kwenye vimfuko uandike namba? Tope ni tope. Nani atajua?"

Wakuu, hapo ndipo nilipowaka kuliko kwa ng'ombe. Nikamwambia: "Nitajua mimi."

Nikampiga picha ng'ombe mmoja ana tope puani, nikamtumia supavaiza na ukweli wote. Akajibu kwamba nusu nyingine ya tope ipo stoo, lakini naanza upya, na kuhitimu na wenzangu nisahau. Nikasema sawa.

Jumapili baada ya ibada familia ikakaa. Baba mdogo alikuja na kahawa ya kutafuna, zile punje zilizochemshwa na viungo zikakaushwa. Mnyambo au Mhaya humu anajua uzito wake. Mkitafuna kahawa pamoja mmepatana, na kuikataa mkononi mwa mkubwa wako ni tusi.

Akanyoosha kiganja. "Pokea mwanangu, nilikosa. Tuyamalize. Jumatatu uende shule, wanakusubiri."

Mnaona alivyofunga kahawa na kazi kwa kamba moja? Nikipokea msamaha, nimepokea na kazi.

Mkono wangu nikaubakiza mapajani.

Baba akaniangalia kwa macho mekundu. "Unakataa kahawa ya baba yako mdogo?"

"Kahawa naitaka, Baba, na nimemsamehe. Ila kuacha chuo sitaki. Azitenganishe, nitatafuna sasa hivi."

Hakuzitenganisha. Baba akainuka, akatoka nje. Shangazi akanong'ona kwamba nimelaaniwa. Niliogopa, wakuu, msidhani mimi ni chuma. Ila sikuomba radhi kwa lile, na leo siombi.

Mama alipoanza kutembea mwenyewe nikaondoka. Baba hakunisindikiza, na simu zangu hakupokea kwa miezi.

Chuoni nikaanza upya. Kuosha, kuchekecha, kuokota gamba moja moja kwa brashi, kupeleka kupimwa. Wenzangu wakavaa joho, mimi nikawapiga picha.

Mwezi uliopita majibu yakatoka. Kuna sehemu kwenye lile tope ambapo chumvi inashuka, inabaki chini muda mrefu, halafu inapanda. Nikapiga simu ya Mama, akampa Baba kwa nguvu.

"Shikamoo Baba. Nimekuta enzi ambayo mito ya huku juu ilijaa hadi bahari ikapungua chumvi. Halafu mvua zikakatika."

Nikaitazama simu. Nikajua amekata.

Kumbe yupo. Mkulima yule hajawahi kuniuliza swali hata moja kuhusu masomo yangu. Akauliza, "Zilikatika ghafla, au zilipungua polepole?"

"Bado sijui, Baba."

"Basi tafuta."

Nililia maabara mbele za watu.

Nilichojifunza: mkubwa wako muombe radhi ulipokosa, lakini usiombe radhi kwa kitu ambacho hukukosea. Na data usipike, hata kama aliyeziharibu ni ng'ombe.

Mnaoona nimemvunjia heshima Baba mdogo, njooni na hoja zenu, nitajibu mmoja mmoja. Ila kuacha siachi.