Mkono wa Bibi Kwenye Mshipi

Muuza duka aliniuliza swali moja tu, na mie niliyefaulu mitihani ya ughaibuni bila kurudia hata mmoja nikaanza kutazama mikono yangu kama mtoto wa chekechea.

"Huyo mvuvi wako anarushia mkono gani?"

Nilikuwa Kinondoni, kwenye duka la vifaa vya uvuvi, nimeinamia kabati la vioo. Mkononi nilishika rili. Kama hujawahi kuiona kwa karibu, ndugu yangu, rili ni kile kigurudumu kinachofungwa kwenye fimbo ya kuvulia, mshipi ukazungushiwa ndani yake kama uzi wa cherehani. Zipo zinazoning'inia chini ya fimbo, na hizo ndizo muuza duka alikuwa akinisukumia tangu niingie. Mie nilitaka zile zinazokaa juu ya fimbo, fupi na bapa, zenye kingoma cha kuzungushia mshipi kinacholala ubavu. Ukirusha chambo, kingoma kinazunguka chenyewe, na breki yake ni kidole gumba chako. Ukikibana mno, chambo kinaanguka miguuni. Ukikiachia mno, mshipi unajisokota kama nywele za mtoto aliyeamka.

"Hizi zinasumbua, braza," alisema. "Wateja wanarudisha. Chukua hii ya kawaida."

Nilimwambia hanifahamu. Sijisifu, lakini nina stashahada ya ufundi wa majokofu ya meli, nimeisomea kwa jasho langu huku nikiosha vyombo hotelini, na miaka niliyokaa Durban nimevua kwenye gati zao kila nilipopata nafasi. Nikamweleza mwenyewe bidhaa zake. Hii haifai maji ya chumvi, gololi zake zitaliwa na kutu. Hii nzito, ni ya papa, na sisi tunatafuta changu na tasi. Hii hapa ndiyo, nyepesi, kingoma chepesi, kitazunguka hata kwa chambo kidogo cha uduvi. Muuza duka huyo, mzee wa Kiarabu mwenye ndevu nyeupe aliyerithi biashara kwa baba yake, alinisikiliza akitabasamu, kisha ndipo akaniuliza kuhusu mkono. Maana mkono unaorusha ndio unaobaki umeshika fimbo, na kishikio cha kuzungushia lazima kiwe upande wa pili. Ukikosea hapo, mengine yote uliyoyajua hayana faida.

"Mvuvi mwenyewe ni bibi yangu," nikasema.

"Bibi?" Akavua miwani. "Bibi mzaa mama?"

"Ndiye huyo. Mkono wa…"

Ulimi ulikuwa tayari kusema wa kulia. Kila mtu pale kwetu Mtoni Kijichi angekujibu hivyo. Lakini kidole gumba changu cha kushoto kilishtuka kabla ya ulimi, kikanirudisha miaka mingi nyuma, kwenye tope la mikoko.

Nililelewa na Bibi. Nyumba yetu ilikuwa ya vyumba vitatu na uwanja wa mchanga, na nyuma yake njia nyembamba iliteremka hadi kwenye mkono wa bahari unaoingia bara. Asubuhi nilikuwa nikiamshwa na mfagio wa Bibi, chwaa, chwaa, kabla ya harufu ya chai ya tangawizi. Kazi yangu ilikuwa kuchota maji na kumsikiliza jirani yetu, mke wa karani mmoja kutoka bara, akimtania Bibi kupitia ua wa makuti.

Kichekesho chake kikubwa kilikuwa nazi. Bibi alikuwa akikalia mbuzi, anakuna kwa mkono wa kulia, polepole, na nazi inatoka mapande mapande.

"Bibi weye!" jirani anapaza sauti. "Hiyo nazi unaikuna au unaichonga kinyago?"

"Ninaichonga, mwanangu. Nikimaliza nakuletea uweke sebuleni."

Walicheka wote wawili. Lakini ni kweli, Bibi alikuwa mzito wa mikono. Alikata vitunguu vikubwa vikubwa, alishona kifungo kikakaa upande, alimwaga chai akimkaribisha mgeni. Watu walisema ndivyo alivyoumbwa. Mchuzi wake wa changu, hata hivyo, wenye ndimu na pilipili mbuzi nzima ikielea juu, hakuna hoteli niliyolala nje ya nchi iliyonipa mfano wake, na nimelala hoteli nzuri.

Maji yakianza kujaa, Bibi alikuwa akifunga khanga kuukuu kiunoni, anachukua kopo tupu la maziwa ya unga lililozungushiwa mshipi, na kuniita. "Mume wangu, twende." Ndivyo mabibi wa kwetu wanavyowaita wajukuu wao wa kiume, na mie nilijiona mume kweli. Tulishuka ile njia, harufu ya tope na majani yaliyooza ikitupokea. Tulishika khanga ya pili huku na huku, tukaikokota kwenye maji ya magotini, na uduvi wakabaki ndani wakirukaruka. Hao ndio chambo chetu. Chubwi, kile kizito cha kuzamisha mshipi, ilikuwa nati ya baiskeli.

Kisha Bibi alikuwa anatazama huku, anatazama kule. Mikoko mitupu. Kaa wanaokimbia. Hakuna mtu.

Hapo ndipo alipolihamisha lile kopo. Alilikumbatia kwa mkono wa kulia, mdomo wa kopo ukielekea majini, na mshipi akaushika kwa mkono wa kushoto. Ndugu yangu, ungemwona! Yule mwanamke mzito wa jikoni hakuwepo tena. Mkono wa kushoto ulizungusha nati hewani mara kadhaa, ukaachia, na mshipi ukatoka koponi ukiimba, huku kidole gumba cha kushoto kikiugusa, kikiupunguza mwendo, kikiutua pale pale maji yanapobadilika rangi. Hakukosea. Samaki akigusa, alikuwa akijua kabla ya mshipi kukaza.

Siku ya kwanza nilipomwona hivyo nilicheka, nikasema, "Bibi, kumbe wewe mashoto!"

Hakucheka. Alichuchumaa mbele yangu, akaniambia kwamba alipokuwa mdogo mama yake alikuwa akimpaka pilipili kwenye vidole vya kushoto, na siku za wageni anaufunga mkono wenyewe kwa kitambaa. Mwanamke anayepakulia watu chakula kwa kushoto, nani atakula? Nani ataoa? Basi akajifunza mkono wa kulia, akaolewa, akapakua, akasalimia, akakuna nazi. "Lakini huku," akasema akionyesha maji, "hakuna wa kumpakulia." Kisha akanishika bega. "Ya pwani yabaki pwani, mume wangu."

Yakabaki. Alinifundisha kurusha kwa mkono uleule wake, kwa kuwa ndio aliojua kufundishia, na ndiyo sababu mpaka leo ninarusha kwa kushoto ingawa ninaandika kwa kulia. Wenzangu kule Durban walidhani ni madaha.

"Kushoto," nikamwambia mzee wa duka. "Anarusha kwa kushoto. Nipe yenye kishikio kulia."

"Bibi wa pwani, anavua, tena mashoto?" Akatikisa kichwa. "Wallahi huyo namtaka nimwone."

"Hutamwona," nikasema, na nikajisikia mtu mkubwa sana.

Nilikuwa na sababu ya kuharakisha. Kabla sijarudi nchini, Bibi alikuwa ameniambia kwenye simu kwamba vidole vyake vimekakamaa, havikunjiki tena, mshipi haukusanyiki koponi. "Bahari naisikia," alisema, "kopo ndilo limenikataa." Hakuomba kitu. Lakini mie ni mtu wa mashine. Kishikio cha rili unakizungusha hata kwa kiganja. Niliona jinsi nitakavyomrudishia bahari yake kwa kitu kinachoenea mfukoni, na nikiri ukweli, niliona pia jinsi mtaa mzima utakavyojua ni nani aliyekileta.

Siku niliyompelekea Bibi rili yake, walikuja wote. Msafiri akirudi, kwetu Mbagala na Kijichi hakuna anayebaki kwake. Jirani yule yule, sasa mjane mwenye mvi, alikaa mkekani karibu na Bibi. Nikafungua kifurushi, nikaifunga rili kwenye fimbo niliyoinunua pamoja nayo, mbele ya macho ya watu, nikatoa hotuba fupi kuhusu gololi zisizoshika kutu. Bibi aliipokea kwa mkono wa kulia. Akaigeuza. Kidole gumba cha kushoto kilisogea, kikagusa kingoma, kikarudi haraka chini ya khanga. Nilikiona. Sidhani kama mwingine alikiona.

"Twende ukaijaribu, Bibi!" wakasema vijana. Na sisi tukashuka, msafara mzima.

Ile njia nyembamba sasa ina lami. Upande mmoja kuna ukuta wa yadi ya makontena, upande wa pili nyumba zimebanana hadi zinapogusana mabati. Mikoko imebaki michache, imening'iniwa na mifuko ya plastiki. Pale Bibi alipokuwa akisimama pana vijana wanaosha bodaboda, mama anakaanga mihogo, kibanda kinapiga muziki wa singeli kwa spika kubwa kuliko mlango wake. Watu, watu, watu. Bahari ipo bado, inajaa na kutoka kama zamani.

Bibi alishika fimbo. Kwa mkono wa kulia. Akarusha, na mshipi ukajisokota wote kwenye kingoma, chambo kikaanguka miguuni pake.

"Bibi, umetia nanga tayari?" mwosha bodaboda mmoja akapaza sauti.

"Mwacheni," jirani akajibu akicheka, "huyu hata nazi alikuwa anaichonga!"

Bibi naye alicheka. Nikamfumulia mshipi, nikamrudishia fimbo, na nikamsogelea sikioni. "Bibi, badilisha mkono. Hiyo nimeichagua kwa mkono wako ule."

Aliniangalia kwa macho ambayo sikuwahi kuyaona kwake, ya mtu aliyeguswa moyo na aliyenaswa kwa pamoja. Akatazama huku. Akatazama kule, kama alivyokuwa akifanya zamani.

"Mbele za watu wote hawa, mume wangu?"

Akanirudishia fimbo. Akasema jua ni kali, wageni wapewe chakula. Tukapanda.

Nimesoma vitabu vingi vya ufundi, ndugu yangu, na sikuwahi kukosea kipimo. Hata siku hiyo sikukosea. Rili ilikuwa sawasawa na mkono. Nilichokuwa nikikitafuta kwenye kabati la vioo hakikuwa kikiuzwa: kipande cha tope kisicho na mtu, ambapo mwanamke mmoja aliweza kuwa alivyozaliwa kati ya maji kujaa na maji kutoka. Kilikuwepo wakati ninaondoka. Kilikuwepo kwa miaka kadhaa baadaye, naambiwa, wakati vidole vyake bado vinakunjika, na mie niko kwenye baridi ya majokofu nikihesabu vyeti. Ningeweza kuja likizo nikamkuta amesimama pale. Sikuwa na haraka. Niliamini bahari haihami, na ni kweli, haikuhama.

Alasiri, wageni walipoondoka, Bibi aliswali, kisha akaomba fimbo yake akaihifadhi chumbani. Nilibaki uani na jirani, tukila mabaki ya mchuzi. Mlango wa Bibi ulifungwa, nikasikia komeo.

Kisha ndani ya chumba kile kingoma kikaanza kuzunguka, tiririri, kikapunguzwa taratibu, kikatulia. Kishikio kikazungushwa, mshipi ukarudi. Tena tiririri, na tena breki ile laini, isiyokosea, ambayo naijua ni ya kidole gani.

"Bibi yako anafanya nini humo?" jirani akauliza.

"Anapanga vitu vyake," nikamjibu, nikamsogezea bakuli la ndimu.