Fungu la Mbwa wa Baba

Baba yangu aliacha kuwinda kwa sababu mbili: magoti yalimkataa, na askari wa wanyamapori walimwambia kwa heshima kwamba wakimkuta tena na sungura mkononi watamlaza ndani, awe mzee asiwe mzee. Huko Soy, kijijini kwake, alibaki na mbwa wawili wa kuwinda, mweusi na mwekundu, wembamba, miguu mirefu, mbavu za kuhesabika hata wakishiba. Mbwa wa kuwinda bila kazi ni taabu. Walianza kufukuza ndama wa majirani. Baba akaniambia, "Mwalimu, wachukue wewe, la sivyo naita daktari wa mifugo awadunge sindano ya kuwalaza moja kwa moja." Ananiita Mwalimu tangu nilipoajiriwa, hata akiwa amenikasirikia.

Mimi sipendi kulazimishwa. Lakini watoto wangu wawili walilisikia hilo neno sindano, wakaanza kulia pale pale uani. Basi nikarudi Eldoret nikiwa mama wa watoto wanne.

Kabla hatujaondoka, baba alinipa sharti moja. Mbwa akikuletea kitu, mpongeze, kisha mpe fungu lake papo hapo. Kwake ndivyo ilivyokuwa: sungura ni wa mwenye mbwa, mapafu na matumbo ni ya mbwa, na wanapewa kabla mtu hajanawa mikono. Usipompa fungu, alisema, hatakuheshimu tena.

Nasi tukatii, wajinga sisi. Tunakaa mtaa wa West Indies, kwenye ploti ya nyumba nne na geti moja, kwa hivyo vitu vya kuokota havikosekani. Mweusi aliniletea ndara ya mtu. Watoto wakampigia makofi, nikampa kipande cha nyama. Mwekundu akaleta soksi, naye akapata chake. Ijumaa nilitoka shuleni nikamkuta mwekundu mlangoni na kuku mdomoni, mzima, macho yamemtoka. Akamlaza miguuni pangu taratibu, hakumng'oa hata unyoya. Kuku akainuka, akajikung'uta, akaenda zake. Na mimi, badala ya kutafuta fimbo, niliona fahari. Nikatoa fungu.

Hata mtoto wa nasari angejua nimefanya nini hapo. Kufikia Jumapili walikuwa wakileta kuku asubuhi na jioni.

Kuku wenyewe walikuwa wa jirani wa mlango wa tatu, mama mjane wa kutoka upande wa Kakamega, na kuku wake wa kienyeji hawaguswi. Hakuna aliyekufa, lakini wawili waliacha kutaga kwa hofu. Jumatatu akamwendea mwenye ploti, na mwenye ploti akanipa hadi Jumamosi saa sita: mbwa watoke ama mimi nitoke. Nilijua wakirudi Soy ni sindano. Siku hiyo nilisahihisha madaftari nikiweka tiki mahali pa kosa.

Nikampigia baba simu nimlaumu. Alicheka hadi akakohoa. "Mbwa hajui kuku ni wa nani. Anajua ni nani anayempa fungu. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, Mwalimu. Mwambie huyo mama awalishe mwenyewe, kwa mkono wake, katikati ya kuku wake."

Kusema ni rahisi. Nilimeza kiburi changu, nikabisha kwa jirani na sufuria ya ugali na mapafu.

"Niwalishe maadui zangu?" akauliza.

"Siku nne tu, Mama. Wakikosa tena, nitawarudisha mimi mwenyewe."

Alinitazama kutoka juu hadi chini, akapokea sufuria bila asante.

Jumanne aliwatupia chakula kwa mbali, mwiko mkononi, tayari kwa vita. Jumatano akasogea. Alhamisi nikamsikia akiwagombeza kama watu: "Pole pole wewe mweusi, unakula ni kama umetoka jela." Ijumaa nilifika nyumbani na hakuna mbwa aliyekuja kunilaki. Walikuwa wamelala mlangoni kwake, kuku wakidonoa makombo katikati ya miguu yao. Nitasema ukweli, niliona wivu.

Jumamosi mwenye ploti alikuja mapema, kamba mkononi. Watoto wangu walikuwa wamewakumbatia mbwa shingoni, hawataki kusikia la mtu. Nilikuwa nimepanga hotuba nzima, lakini sikupata nafasi ya kuitoa. Jirani akatoka na sufuria yake.

"Mbwa wasumbufu ni hawa?" mwenye ploti akamuuliza.

"Wasumbufu gani?"

"Si wewe uliyeniletea mashtaka?"

"Nilileta. Sasa nayaondoa. Hiyo kamba rudi nayo, Mzee, hawa ni wa hapa na hawajala bado."

Akainama akawagawia, kila mmoja chake, mwenye ploti akiwa bado amesimama na kamba yake. Kisha akanigeukia mimi.

"Na wewe Mwalimu, jioni usiwape kitu. Unawaharibu."

Nikasema, "Sawa, Mama."