Namba ya Jemu ya Waridi-mwitu

Zdravka Mincheva alitunza maktaba ya kemia ya chuo chetu mjini Plovdiv kwa miaka thelathini na moja, na kwa muda wote huo hakuwahi kumwonea huruma mwanafunzi mvivu. Mimi nilikuwa mmoja wa wavivu hao.

Mradi wangu ulihusu jemu ya matunda ya waridi-mwitu: ikishachemshwa, vitamini C inabaki kiasi gani. Nilimpelekea orodha ya vyanzo kumi na vinne, vyote vya mtandaoni, nikitarajia sifa. Akavaa miwani, akasoma cha kwanza.

"Huyu anauza nini?"

"Jemu, mama."

"Na wewe umemwamini kwamba jemu yake ina vitamini. Wazazi wako wana kazi kweli ya kusomesha."

Alifuta kumi na viwili kwa kalamu nyekundu. Viwili vilivyobaki vilitaja namba moja, asilimia themanini, na vyote viliitoa kwenye kitabu cha Profesa Stamenov, mkuu wa idara, mtu aliyetaka hata mkewe amwite profesa. Kitabu nacho kilitaja makala ya mwaka 1962. Mama Zdravka akaniambia niteremke ghalani nikaitafute. Nikamuuliza kama ni lazima. Akanipa ufunguo.

Nilirudi nimejaa vumbi, jarida mkononi. Tuliisoma makala mara mbili. Walichopima ni matunda yaliyokaushwa. Jemu haikutajwa hata kwa neno moja.

Nilipomweleza profesa, alisema namba ile inajulikana. Mama Zdravka alikuwa amenifuata hadi ofisini kwa profesa, jambo ambalo hakuwahi kumfanyia mwanafunzi yeyote.

"Inajulikana na nani? Nani aliyepima?"

Profesa akamkumbusha kwamba kazi yake ni kupanga vitabu.

"Ndiyo. Na hiki chako sijui nikipange wapi."

Basi nikachemsha jemu mwenyewe maabara, nikapima kwa iodini mara tisa. Vitamini iliyobaki haikufika asilimia thelathini. Profesa alisaini ripoti yangu bila kunitazama, na mwaka uliofuata akachapisha kitabu chake upya: jalada jipya, namba ileile. Mwezi huohuo Mama Zdravka alistaafu, na idara haikumwandalia hata keki. Alinipigia simu akiwa nyumbani, kunionya nisijione shujaa, maana kwenye ukurasa wa tano wa ripoti yangu nimekosea jina la mwandishi.