Kamera Niliyomchagulia Mpiga Picha wa Runyenjes

Habari za kifo chake nilizipata kwa mama anayeniuzia ndizi hapa mtaani Dallas, mjini Embu, ambaye kwao ni Runyenjes. Alikuwa akinichagulia chane nzuri, akasema bila kuinua macho, "Mwalimu, ulisikia yule wa picha alituacha? Ni kifua. Alilala hospitali siku nne tu. Tunazika Alhamisi." Nilimwuliza ni yupi, ingawa nilijua. Siku hizi kila mwenye simu ni mpiga picha, lakini ukisema "yule wa picha" kule Runyenjes, watu wanamwelewa mtu mmoja tu. Nililipa nikaanza kuondoka mikono mitupu, ikabidi mama wa watu aniite nirudi nichukue ndizi zangu.

Sitajifanya kwamba alikuwa rafiki wa kufa na kuzikana. Tulifahamiana tangu nikiwa bado nashika chaki, kabla gazeti halijanikubali niwasumbue ninyi kila wiki. Alikuwa na studio ya chumba kimoja nyuma ya duka la mbegu, yenye pazia la samawati kwa wanaotaka picha za pasipoti. Hiyo ndiyo kazi iliyomlisha. Kazi yake ya pili hakutumwa na mtu. Katika mfuko wa koti, pamoja na leso na funguo, alibeba kamera ndogo iliyochubuka rangi, na kila alikopita aliitoa: kiwandani watu wakichambua kahawa, kwenye kituo cha majani chai, sokoni, jikoni kwa watu alikokaribishwa githeri. Alipiga huku akiendelea na mazungumzo, kamera ikiwa usawa wa kifua, kisha ikarudi mfukoni. Baadaye alisafisha picha hizo kwenye karatasi, akaandika kwa kalamu nyuma yake jina la mtu na mahali, akazipanga katika katoni za viatu.

Msomaji wa huku kwetu anajua umuhimu wa katoni hizo. Mtu akifariki, familia hukaa kutengeneza programu ya mazishi, kile kijitabu chenye wasifu wa marehemu, nyimbo na kurasa za picha. Hapo ndipo inapogunduliwa kwamba mzee aliyeishi miaka themanini ana picha mbili: ya kitambulisho, na moja ya harusi ya mwanawe ambamo amekaa wima kama anayengoja hukumu. Mwishowe mtu mmoja anasema, "Pigieni yule wa picha." Naye angefika na bahasha. Ndani yake mzee yuko hai: anamkemea ndama, au amevua kofia anajikuna kichwa huku akicheka. Nimewaona wajane wakizishika picha hizo kwa mikono miwili. Nadhani hakuna zawadi iliyo kubwa kuliko hiyo kwa mfiwa, na yeye aliitoa kana kwamba anakurudishia mwavuli uliousahau kwake.

Mtaniuliza kuhusu simu. Yake ilikuwa kabambe, kasimu ka vitufe ka kupigia tu, na za wengine zilianguka chooni, ziliibwa au zilijaa zikafutwa. Isitoshe, simu haimfundishi mtu kukaa na watu. Niliwahi kwenda naye Muthara, kule Tigania, nilipokuwa nikiandika kuhusu wakulima wa miraa. Tulikuta kibandani wanaume wakichambua miraa na kuifunga kwa majani ya mgomba. Kabla yetu alikuwa amefika mpiga picha kutoka Nairobi mwenye kamera mbili shingoni. Walimgeuzia migongo, na mmoja akamshauri aende akapige ndovu, wao ndio wamezoea. Mwenzangu alijiketia chini, akauliza utajuaje iliyochumwa leo na iliyochumwa jana, akaomba ajaribu kufunga. Alifunga vibaya mno, kibanda kizima kikacheka. Baada ya muda mzee mmoja akamwuliza, "Kwani wewe hupigi picha?" Akajibu, "Nilimaliza kitambo. Endelea tu."

Kisha kamera ile iligoma. Lenzi ilitoka nje ikakataa kurudi, na hakuna fundi wa Embu aliyeweza kuishawishi. Akanipigia nimsaidie kuchagua nyingine, kwa kuwa alijua mimi husoma habari za mitambo hiyo. Nilifurahi kuombwa ushauri, lazima nikiri. Dukani muuzaji aliweka mbili juu ya kioo: moja ndogo ya mfukoni, dada wa ile iliyokufa, na nyingine ya kisasa ya aina wanayoita mirrorless, ambayo haina kioo ndani kama kamera kubwa za zamani lakini unaweza kuibadilisha lenzi.

Aliichukua ndogo, akaitia katika koti, akaitoa, akaitia tena. "Hii itanitosha, mwalimu. Ona, inaingia kwa mfuko."

"Na ukiitwa harusi?" nikamwuliza. "Kamati wakikuona na hako kadude watakwambia ungoje chakula na wageni wengine."

Akacheka. "Lakini hiyo ingine, nikienda kwa shamba nitaibeba aje?"

"Utanunua begi."

Nikaendelea kumwaga elimu. Nilimweleza inavyoona vizuri hata katika kanisa lenye giza, inavyofifisha vitu vya nyuma ili sura ya bibi harusi ijitokeze, na jinsi hakuna mtaalamu anayejiheshimu ambaye bado anatumia za mfukoni. Muuzaji alitikisa kichwa kukubali kila neno. Mwenzangu alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Basi sawa, wewe ndiye umesoma," akairudisha ile ndogo juu ya kioo polepole. Wiki mbili baadaye aliuza mtamba wake mmoja akainunua niliyoichagua mimi.

Sitaki kuisingizia kamera. Ilikuwa nzuri kama nilivyosema, na kazi zilikuja: harusi, ruracio za kupeleka mahari, sherehe za shule. Tatizo ni kwamba kitu cha thamani kile hakikuweza kukaa mfukoni na funguo. Alikiogopea vumbi, mvua na kuanguka kwa bodaboda, kwa hiyo kilikaa kabatini kimefungwa kitenge, kikitoka siku za kazi tu. Na alipojaribu kwenda nacho mashambani, mambo yalibadilika. Alinieleza siku moja tukinywa chai hotelini, sauti yake ikiwa ya mtu anayeomba radhi.

"Kamera ni mzuri sana, mwalimu. Shida ni watu. Nikiitoa tu, mama anakimbia ndani kubadilisha kitambaa cha kichwa na kuvaa ile sweta ya kanisa. Akitoka, yule nilikuwa nataka kupiga ameshaenda."

"Watazoea," nikasema.

"Nilikuwa nafikiria niiuze, nitafute tena kale kadogo."

"Urudi nyuma? Watu watasema umefilisika."

Alikoroga chai yake muda mrefu kuliko sukari ilivyohitaji. Hakulizungumzia tena jambo lile. Nafasi ya kusema "nilikosea, iuze" nililetewa mezani pamoja na mandazi, nami nikaikataa kwa sababu ushauri ulikuwa wangu na sikutaka uonekane mbovu. Naijutia siku hiyo kuliko hata ile ya dukani. Dukani sikujua, hotelini nilikuwa nimeshaambiwa.

Mlangoni pa studio yake palikuwa na mama aliyeuza nduma za kuchemsha. Alikuja kuuza pale baada ya kamera ndogo kuharibika, na kwa miaka mitatu mpiga picha wetu alimpita asubuhi na jioni, wakisalimiana na kutaniana. Mama yule alifariki ghafla. Wanawe walikuja studio wakiwa na hakika kabisa kwamba wataondoka na bahasha, kwa sababu kila mtu aliondoka na bahasha. Hakuwa na picha hata moja. Walikuza ile ya kitambulisho mpaka uso ukawa nukta nukta, wakaichapisha hivyo hivyo. Yeye alikwenda mazishini kupiga picha bila malipo, kisha jioni ile akanipigia. "Mwalimu, nimepiga sanduku vizuri sana," akasema. "Hata misumari inaonekana." Nikamwuliza kama kule kumenyesha.

Tuna ugonjwa wa kumpima fundi kwa ukubwa wa chombo chake. Kamati za harusi zinao, makanisa yanao, na sisi tuliosoma kidogo ndio tunaoueneza. Tukimwona mtu anafanya jambo zuri kwa kifaa kidogo, tunamhurumia na kumkimbilia na orodha ya vifaa bora, bila kukaa hata siku moja kutazama anavyofanya. Mimi nilikuwa nimetazama. Nilikuwepo Muthara, niliona kwa macho yangu, na bado pale dukani nilizungumza kama niliyekuwa nimesoma vijikaratasi vya maelezo tu.

Nilikwenda mazishini Alhamisi, nikarudi Jumamosi kumpa mkewe pole kwa utulivu. Alinipa chai, akanionyesha katoni, nami nikazifungua kwa mpangilio wa miaka. Za zamani zimejaa watu ninaowajua na nisiowajua, wakiwa na tope miguuni, midomo wazi katikati ya hadithi. Za baadaye zina mabibi harusi, wageni wa heshima, keki, na majeneza. Picha zenyewe zinang'aa, rangi zake ni safi ajabu. Nilitafuta mtu mmoja aliyekuwa akifanya jambo lolote la kawaida, nikakosa.

"Mama, mimi ndiye nilimwambia anunue ile kamera," nikasema. Ilikuwa mara ya kwanza kulitamka.

"Najua," akanijibu. "Nilikuwa namwambia akulaumu angalau kidogo, anakataa. Alikuwa anakupenda. Alisema tu kitu kimoja, mwalimu hakuniuliza nataka kupiga nani."

Aliniongezea chai, akaendelea kuzungumzia ng'ombe na mvua, kama anayenipa muda. Sasa ninajua kwamba mtu akikuletea vitu viwili umchagulie, havina ubora wowote mpaka umjue mtu mwenyewe na watu anaotaka kuwafikia kwavyo. Swali lile lingenichukua dakika moja pale dukani. Sikuliuliza kwa sababu nilikuwa na haraka ya kuonekana ninajua.